Kawaida

Kila baada ya saa mbili Nemesio huita kutoka juu,
sauti imekwaruzwa na baridi na betri chakavu:
"Yanaqucha hapa. Maji, mita moja na sentimita arobaini.
Mlima umetulia. Kawaida."
Nami huku bondeni, chumba cha nyuma cha manispaa ya Huaripata,
naandika: kawaida. Natia saini. Narudi kwenye chai yangu.

Miaka kumi na mmoja. Madaftari kumi na saba.
Fungua popote, utalikuta neno lile lile
limejipanga safu kwa safu kama mahindi yaliyoanikwa.

Mwezi wa bajeti alikuja mhasibu Tarazona,
akalamba kidole, akapekua,
akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya:
"Eulalia, redio hii imetuzalishia nini?"
Sikuwa na jibu la kujaza kisanduku chake.
Alitaka pesa za betri ziende kwenye chemchemi ya uwanjani,
yenye malaika wa saruji anayetema maji.
Nilicheka. Hakuelewa kwa nini.
Akakata nusu.
Betri za usiku nikazikopa dukani kwa Zenobia;
deni hilo sijalimaliza mpaka leo.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho.
King'ora kililia, watu wakatoka na vikombe mkononi
kuulizana nani kafa.
Watoto wa darasa la tatu peke yao walipanda hadi makaburini
(ndiyo, makaburini; ndiko kwenye mwinuko),
wakahesabiwa, wakapewa mkate.
Bibi Saturnina Shuan alikataa katakata:
"Na kuyi wangu je?"
Wanyama kumi na wawili wa manyoya, wadogo kuliko sungura,
wanaolala chini ya jiko lake, ada ya mjukuu wake.
Mwongozo kutoka mji mkuu, kurasa sitini, picha za rangi,
haukuwa na neno hata moja juu ya kuyi.
Basi tukapigilia kreti, tukaiweka langoni mwa makaburi,
tukaandika kwa rangi nyekundu: SHUAN.
Mazoezi yaliyofuata bibi alitangulia kufika,
akamkemea diwani kwa uzembe wa miguu.

Saa tisa na dakika ishirini usiku, si saa ya kuita,
redio ikakohoa.
"Eulalia. Barafu imeanguka ziwani.
Nimesikia, sijaona. Piga."
Nikawaza: nikikosea, Tarazona atanicheka.
Nikabonyeza nikiwa bado nawaza hivyo.

Dakika thelathini na nane.
Kisha maji yakaja yamebeba mawe, magogo, mlango wa mtu,
yakameza daraja la chini, yakapita sokoni,
yakapanda ngazi tatu za shule,
yakasita hapo, kama mgeni aliyesahau alichofuata.
Malaika wa saruji hajaonekana tena.

Juu, kati ya misalaba, tulihesabiana kwa tochi.
Mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kutoamini.
Wote.
Tukahesabu na kuyi: kumi na mmoja.
Bibi Saturnina alimlilia huyo mmoja mpaka alfajiri,
nasi tukamwacha alie, kwa niaba yetu sote.

Saa nne asubuhi wakafika wakubwa, buti mpya, kamera.
"Wafu wangapi?"
"Hakuna."
Mwenye kamera akarudisha kifuniko chake.
"Basi halikuwa janga kubwa," akasema,
na Tarazona, matope mpaka magotini, miguu bila soksi,
akamtazama mtu yule kwa muda mrefu sana
bila kusema kitu.

Saa sita redio ikaita.
"Yanaqucha hapa. Fimbo ya kupimia imekwenda na maji,
nakadiria kwa macho tu.
Nileteeni fimbo, betri,
na sukari, kama ipo."
Nikafungua daftari la kumi na nane.
Nikaandika yote. Na sukari.